Kabla ya kuchagua valvu, uliza damu itapimwa wapi

Tangu Juni 19, 2025, mgonjwa anayetoka Sengerema kwenda hospitali ya rufaa ya Bugando hasubiri tena kivuko pale Busisi. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linamfikisha Kigongo kwa dakika chache, kisha anashika lami ya Usagara na kuingia Mwanza mjini. Waliowahi kukaa na mgonjwa ndani ya gari wakingoja zamu ya MV Mwanza au MV Misungwi, huku pumzi yake ikizidi kuwa fupi, hawahitaji kuelezwa maana ya daraja hilo. Naanza nalo kwa sababu nataka kuzungumzia ugonjwa ambao matibabu yake yanaamuliwa na barabara, maabara na tarehe za kliniki kuliko wengi wanavyodhani: ugonjwa wa valvu za moyo, na hasa uamuzi unaomkabili mtu wa umri wa kati anapoambiwa kwamba valvu yake lazima ibadilishwe.

Valvu ni milango ya moyo. Ipo minne, na kazi yake ni kuipitisha damu upande mmoja bila kuiruhusu irudi. Moyo hudunda takriban mara 100,000 kwa siku, na kila unapodunda milango hiyo hufunguka na kufunga. Katika nchi tajiri milango hii huharibika zaidi kwa uzee. Chokaa hujikusanya na mlango ukakakamaa mtu akiwa na miaka 70 au 80. Kwetu kisa huanza utotoni. Mtoto anaumwa koo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoki, anapewa maji ya chumvi asukutue, anapona, anarudi shule. Wiki chache baadaye anapata homa na maungo yanamuuma, leo goti, kesho kiwiko. Hiyo ni homa ya rumatiki. Kinga ya mwili iliyoamshwa kupambana na bakteria inageukia valvu, na kila shambulio jipya linaacha kovu juu ya kovu. Mlango unaoumia zaidi ni ule wa mitrali, upande wa kushoto wa moyo.

Kuna ambao moyo huwashinda wakiwa bado vijana. Wengine hubeba kovu hilo kimyakimya kwa miaka 30. Wanalima, wanavua, wanazaa, na wakichoka wanasema ni umri au ni presha. Hadi siku moja mtu wa miaka 48 anashindwa kupanda kilima cha Bugando, analala kwa kuongeza mito, miguu inavimba jioni. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinaonyesha mlango uliosinyaa au unaovuja, na rufaa inaandikwa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, pale Muhimbili, Dar es Salaam.

Tumetoka mbali katika hilo. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na JKCI ikasimama kama taasisi kamili mwaka 2015. Kabla ya hapo, kwa wengi, neno valvu lilimaanisha kuomba nafasi ya kupelekwa India. Leo Mtanzania anafanyiwa upasuaji huu nyumbani, na daktari anamweleza kwa Kiswahili. Ndiyo maana swali la kuchagua limekuwa letu kweli, nasi tunapaswa kulijibu kwa mazingira yetu.

Daktari akishaona kwamba valvu haiwezi kurekebishwa (na kama inaweza, irekebishwe, kwa sababu mlango wako mwenyewe ukikarabatiwa vizuri unashinda wa kununua), mgonjwa huulizwa: ya chuma au ya mnyama?

Tunaiita ya chuma, ingawa visahani vyake siku hizi hutengenezwa kwa kaboni ngumu. Mwaka 1960, Dkt. Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards wa Marekani waliweka ndani ya moyo wa mtu valvu ya mpira mdogo uliofungiwa kwenye kizimba. Muundo wa visahani viwili unaotumika zaidi leo ulianza mwaka 1977. Valvu ya mnyama hutokana na utando unaofunika moyo wa ng'ombe, au ni valvu ya nguruwe yenyewe, ikatibiwa kwa kemikali ili mwili usiikatae. Mfaransa Alain Carpentier ndiye aliyefungua njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960.

Ya chuma haichakai; mara nyingi itadumu kuliko aliyewekewa. Lakini damu inapoigusa hutaka kuganda, kwa hiyo mgonjwa hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Ya mnyama haihitaji warfarini ya maisha, kwa kawaida miezi michache tu baada ya upasuaji. Nayo inachakaa. Kwa mzee inaweza kufika miaka 15 au zaidi. Kwa mwenye umri mdogo huwahi kukakamaa, na siku hiyo kifua hufunguliwa tena.

Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2021 unaelekea kwenye chuma kwa mgonjwa aliye chini ya miaka 60 kama valvu ni ya aota, mlango wa kutolea damu kwenda mwilini, na chini ya 65 kama ni ya mitrali. Ule wa Marekani wa mwaka 2020 unapendekeza chuma kwa valvu ya aota chini ya miaka 50, kisha kati ya 50 na 65 unasema daktari na mgonjwa wakae wazungumze. Kwa maneno mengine, umri wa kati ndipo mahali ambapo wataalamu wenyewe wanakurudishia uamuzi.

Utafiti nao haumalizi mjadala. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa wa jimbo la New York wenye miaka 50 hadi 69 waliobadilishwa valvu ya aota. Baada ya miaka 15, waliokuwa hai ni asilimia 62.1 ya wenye chuma na asilimia 60.6 ya wenye valvu ya mnyama, tofauti isiyo na uzito. Tofauti ilikuwa kwenye namna ya kuteseka: kuvuja damu kwa kiwango kikubwa kuliwapata asilimia 13 ya wenye chuma na asilimia 6.6 ya wenzao, wakati kurudi kwenye chumba cha upasuaji kuliwapata asilimia 6.9 ya wenye chuma na asilimia 12.1 ya wale wengine. Mwaka 2017 ukaja uchunguzi wa California. Huo ulionyesha kwamba kwa valvu ya mitrali chuma kiliongeza uhai hadi umri wa miaka 70, na kwa ile ya aota hadi miaka 55.

Ukizisoma takwimu hizo ukiwa Kigongo, na mlango unaoumwa hapa kwa kawaida ni wa mitrali, utasema basi, chuma. Mimi naomba usimame kidogo. Wagonjwa wale walikuwa New York na California. Nyuma ya kila asilimia kulikuwa na maabara iliyo karibu, simu ya muuguzi inayokumbusha tarehe, duka la dawa lisiloishiwa warfarini, na gari la wagonjwa linalofika. Chuma kilichofanya vizuri kule hakikuwa chuma peke yake. Kilikuwa chuma pamoja na kipimo. Tukichukua chuma tukaacha kipimo, tumechukua nusu ya tiba. Msimamo wangu ni kwamba katika Kanda ya Ziwa anwani ya mgonjwa inapaswa kupewa uzito sawa na umri wake, na swali la kwanza kabla ya kusaini karatasi ya upasuaji liwe: damu yangu itapimwa wapi, na nani, kila mwezi, kwa miaka yote iliyobaki?

Wafugaji wa Usukuma watakielewa vizuri kisa cha warfarini. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani Kaskazini walianza kuvuja damu mpaka kufa baada ya kula majani ya malisho yaliyoota ukungu. Karl Paul Link wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake wakaitafuta sumu iliyokuwamo wakaipata. Kutokana nayo ikatengenezwa warfarini, iliyoingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya na kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Dawa yenye asili hiyo haina msamaha. Kipimo chake ni INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Asiyetumia dawa yupo karibu na 1. Mwenye valvu ya chuma ya aota kwa kawaida analengwa 2.5, na mwenye ya mitrali analengwa 3. Ikishuka, damu inaganda kwenye valvu, ikaikwamisha au ikarusha donge kwenye ubongo, na mtu anapata kiharusi. Ikipanda, anavuja damu tumboni au kichwani.

Na INR haitulii. Mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa. Haikatazwi kuzila, kinachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Lakini huku mboga hufuata mvua. Masika bustani imejaa. Kiangazi mboga mbichi zinaadimika, watu wanarudi kwenye nsansa, yaani mboga za kukausha, na dagaa. Dozi iliyomfaa mtu Aprili inaweza isimfae Septemba. Ongeza dawa zinazouzwa kila duka: Septrini na Flagyl huipandisha INR kwa nguvu, aspirini na diklofenaki huongeza kuvuja damu, na nyingi hununuliwa bila cheti kwa sababu ya tumbo au mgongo. Pombe nayo inavuruga. Sindano ya kwenye msuli, ambayo kwa wengine ni jambo dogo, kwa mtumiaji wa warfarini inaweza kuacha uvimbe mkubwa wa damu.

Sasa mweke mvuvi wa dagaa ndani ya picha hiyo. Anahama kambi, wiki hizi yupo Misungwi, wiki zijazo yupo kisiwani Ukerewe au upande wa Geita. Anafanya kazi usiku, mikono yake imo kwenye nyavu, kamba na taa. Kituo cha afya kilicho karibu naye hakina kipimo cha INR, kwa hiyo lazima aende mjini, hospitali ya rufaa. Nauli, chakula, na siku nzima ya kazi vinapotea, ili atolewe damu kidogo na kuambiwa aongeze nusu kidonge. Mara ya kwanza ataenda. Mara ya nne atasema anajisikia vizuri. Tusimwite mgonjwa mkaidi. Tumempa tiba ambayo mfumo haukujiandaa kuibeba.

Nisieleweke vibaya, siwaambii watu wakikimbie chuma. Valvu ya mnyama kwa mtu wa miaka 45 ni ahadi ya upasuaji wa pili, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu moyo umeshikana na makovu. Nchi tajiri siku hizi huweza kupitisha valvu mpya kwa mrija kupitia mshipa wa paja na kuiweka ndani ya ile iliyochakaa. Ni maendeleo makubwa tangu Alain Cribier alipoweka valvu ya kwanza kwa njia hiyo mwaka 2002 huko Rouen, Ufaransa, lakini bei yake ni kubwa mno na mtu wa Kigongo asipange maisha yake juu yake. Anayechagua mnyama anapaswa kujua kwamba miaka 10 au 12 ijayo atahitaji bima iliyo hai, eko ya kila mwaka, na nguvu za kulala tena mezani. Asiporudi kliniki kwa sababu hana kidonge cha kumkumbusha, valvu itakakamaa bila yeye kujua.

Kuna jambo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha. Wagonjwa wengi wa mitrali iliyosinyaa kwa homa ya rumatiki tayari moyo wao hupiga bila mpangilio, na hali hiyo yenyewe inadai warfarini. Huyu akiwekewa valvu ya mnyama ili akwepe dawa, hajakwepa chochote. Amebaki na dawa na akaongeza upasuaji wa pili. Kwa hiyo swali la mapigo ya moyo liulizwe mapema. Na asije mtu akamshauri ahamie kwenye vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda visivyohitaji INR. Jaribio la dabigatrani kwa wenye valvu za chuma lilisimamishwa mwaka 2012 kwa sababu waliopewa walipata madonge zaidi na kuvuja damu zaidi. Na mwaka 2022 utafiti mkubwa wa wenye ugonjwa wa rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio ulionyesha dawa za kundi la warfarini zikishinda rivaroksabani. Kwa mwenye chuma, warfarini haina mbadala.

Ningekuwa nashauri ndugu yangu, ningesema hivi. Mwenye miaka 52, mwenye duka Kigongo au mtumishi wa halmashauri, ana bima, anaishi mahali pamoja, na anaweza kufika Mwanza kila mwezi kwa hiyo barabara mpya: aweke chuma, hasa kwa mitrali. Mwenye umri huohuo anayeishi kwa kuhama kambi, au anayekunywa sana na anajijua hataacha: aweke ya mnyama, akijua deni lililo mbele. Kwa mama wa miaka 38 au 40 ambaye bado anataka mtoto, ningeegemea ya mnyama, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kuiacha ghafla kunamhatarisha mama mwenyewe. Mumewe na mama mkwe wawepo siku ya maelezo hayo, kwa sababu baadaye ndio watakaouliza kwa nini hazai au kwa nini alipasuliwa mara mbili.

Waislamu na Wasabato, ambao ni wengi kandokando ya Ziwa Victoria, wasione haya kuuliza valvu imetokana na mnyama gani. Za ng'ombe zipo. Swali hilo liulizwe siku ya kliniki, wakati bado kuna nafasi ya kuagiza.

Hata hivyo, ushauri wa mtu mmoja mmoja hautoshi, na hapa nageukia wenye mamlaka. Kipo kifaa kidogo kinachopima INR kwa tone la damu ya kidole na kutoa jibu baada ya dakika moja au mbili, kama kile cha kupima sukari ambacho vituo vya afya vimekizoea. Mhudumu aliyefundishwa, mwenye jedwali la dozi ukutani na namba ya simu ya daktari wa Bugando, anaweza kukitumia. Kikiwekwa kituo cha afya kimoja kila tarafa, kwa siku moja ya kliniki kila mwezi, mgonjwa wa Kigongo au wa Ukerewe atapimwa karibu na kwake.

Wapo watakaosema vijijini hatuwezi kusimamia dawa ya maisha. Tunaweza, tumeshafanya. Mwaka 2004 nchi hii ilianza kutoa bure ARV, dawa za UKIMWI, na leo kliniki zake za CTC zimefika kwenye zahanati na visiwa ambako wengi waliamini hazitafika. Tuliwafuata wavuvi kambini, tuliwafundisha wenzao kuwakumbusha tarehe, tuliruhusu mtu achukue dawa kituo kingine akihama. Wavuvi wa dagaa hupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa sababu mwanga wa taa zao hauvuti samaki mwezi ukiwa mkubwa. Kliniki ya INR ikipangwa siku hizo, watakuja. Ni uamuzi wa mganga mkuu wa wilaya na kalenda ya ukutani.

Lakini bora zaidi ni mtoto asifike huko. Kaskazini mwa Uganda, watafiti walifuatilia watoto 818 wenye dalili za awali za ugonjwa wa valvu ambazo eko pekee ndiyo iliyoziona. Baada ya miaka 2, waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki 4 na ugonjwa ukaendelea walikuwa asilimia 0.8, wasiochomwa walikuwa asilimia 8.2. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Mwalimu wa shule ya msingi anayeona mtoto anaumwa koo na homa, kisha wiki zijazo anachechemea, amwambie mzazi ampeleke kituo cha afya. Aliyekwisha kubadilishwa valvu naye asafishe meno, na kabla ya kung'oa jino amwambie mganga kwamba ana valvu, apewe dawa ya kinga, kwa sababu bakteria wa mdomoni wakikaa kwenye valvu ya bandia huua.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Naziomba Wizara ya Afya na halmashauri za Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe zihakikishe kwamba kinachogharamiwa hakiishii kwenye valvu na kisu. Kipimo cha INR cha kila mwezi, warfarini isiyokatika na eko ya kila mwaka viwe sehemu ya matibabu yaleyale, na vipatikane kituo cha afya. Na wewe unayesubiri tarehe ya upasuaji, au unayemuuguza anayesubiri, usisaini kwa sababu tu foleni ni ndefu. Muulize daktari kama mlango unaweza kurekebishwa, kama mapigo ya moyo yana mpangilio, upasuaji wa pili ukihitajika utafanyika wapi, na kituo gani karibu na nyumbani kitapima damu mwezi wa kwanza baada ya kurudi. Swali hilo la mwisho likikosa jibu, mwambie daktari kabla hajachagua valvu.